Swali Moja, Maghala Mengi

Nyinyi mfugao kuku huko Wazo na Temeke mnakijua kideri: huweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Habari zake zimo katika hifadhidata nyingi, yaani maghala ya maandishi yaliyomo ndani ya kompyuta. Kuyafungua moja moja huchukua muda mrefu, na ugonjwa haungoji.

Basi iko njia ya kutafuta kwa pamoja. Waandika swali mara moja. Programu hulipeleka katika maghala mengi, hukusanya majibu na kuyapanga mbele yako. Kwa mfano, Research4Life, inayotumiwa na vyuo vyetu, hutafuta kwa swali moja katika Hinari ya afya, iliyoanzishwa mwaka 2002, na AGORA ya kilimo, ya mwaka 2003.

Lakini angalieni. Maandishi mengi humo ni ya Kiingereza. Ukiandika “kideri” utapata machache. Ukiandika “Newcastle” utapata mengi, pamoja na habari za chanjo ya I-2 ya kudondoshwa jichoni. Mwulizeni bwana mifugo au mkutubi jina hilo kwanza.

Sasa andikeni daftarini: Kwa nini jina la swali ni ufunguo?