Viatu vya Sufu vyenye Sura za Wanyama

Katika nyanda za juu za kusini, Njombe na Makete, miezi ya Juni na Julai ni miezi ya baridi kali. Kuna asubuhi ambazo umande huganda majanini, ukayakuta majani meupe kama yaliyonyunyiziwa unga. Ndiyo miezi ambayo kina mama wa kikundi chetu cha ushonaji hufuma viatu vya sufu kwa ajili ya watoto wachanga. Mwaka huu kazi hiyo imezusha neno, nasi twaona yafaa tulilete mbele yenu, kwa maana huenda na kwenu likazuka.

Neno lenyewe ni hili. Mama mmoja, fundi hodari wa kroshia, alifuma jozi yenye sura ya simba, na nywele za shingoni za uzi wa kahawia, akampelekea mzazi aliyejifungua mtoto wa kiume. Bibi wa mtoto alivipokea kwa shukrani nyingi, akavigeuza huku na huku, akasema, "Sasa mjukuu wangu amepata mlinzi. Kile cha mkononi naweza kukifungua." Hicho cha mkononi kilikuwa hirizi, nasi tulikuwa tumesema habari zake mara nyingi pasipo kufanikiwa.

Habari zikamfikia mzee mmoja wa kanisa. Akaja kwenye kikundi, akatuambia kwa upole lakini bila kuzunguka, "Kina mama, hirizi mmeiondoa mkononi, mkaivika miguuni." Akatuomba tuache sura za wanyama, tufume viatu vitupu. Wengine walinung'unika, wengine walitii papo hapo. Kesho yake tulikuta masikio sita ya sungura yamefumuliwa, yamewekwa mezani kama maganda ya ndizi.

Neno la mzee halikuwa la upuuzi. Huko China tangu zamani kina mama na bibi hushona viatu vya kitambaa kwa watoto wadogo, na penye vidole huweka kichwa cha chui milia, mwenye macho makubwa na sharubu. Ni kazi nzuri sana ya mkono. Lakini desturi yenyewe ilikuwa na imani ndani yake: chui huyo mkali aliwekwa ili awatishe pepo wabaya na maradhi, na macho yake yamwonyeshe mtoto njia. Basi si jambo geni duniani kwa mama kumvika mtoto mnyama awe mlinzi wake. Hatuwacheki watu hao. Kila aliyeangalia usiku kucha kitoto kinachopumua kwa shida anajua hofu inavyoutafuta mkono wa kushika.

Walakini tulikumbuka jambo jingine. Katika Matendo ya Mitume, mlango wa 9, twasoma habari za yule mwanafunzi wa Yafa aliyewashonea wajane kanzu na mavazi. Jina lake kwa Kiaramu ni Tabitha, na kwa Kiyunani Dorkasi, na majina yote mawili maana yake ni paa, yule mnyama mdogo wa porini. Hakuna aliyeona haya kumwita mtakatifu kwa jina la mnyama. Tukasema, kama mshonaji mwenyewe aweza kuitwa Paa, kwa nini kiatu kisiwe na masikio ya paa? Neno la kuuliza ni kwamba aliyekivaa amevikwa kwa kusudi gani.

Basi tulikwenda watatu kwa bibi yule, kumsikia mwenyewe.

"Hodi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, wanangu. Karibuni motoni."

Tulipoketi tulivitafuta viatu vyetu kwa macho, tusivione miguuni pa mtoto. Mmoja wetu akatazama juu. Vilikuwa vimetundikwa kwenye msumari juu ya kitanda, simba wote wawili wameelekezwa mlangoni. Mtoto alikuwa amelala kitandani peke yake, amefunikwa khanga mbili, na tulipozishika nyayo zake zilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Tulishika na tumbo. Tumbo lilikuwa bado na joto. Tukamshukuru Mungu.

Maana hivyo ndivyo mama awezavyo kupima bila chombo. Nyayo zikiwa baridi na tumbo lina joto, mtoto ameanza kushikwa na baridi, yafaa apashwe joto mara moja. Tumbo nalo likiwa baridi, hapo pana hatari, apelekwe hospitali upesi, naye akipelekwa awe kifuani pa mtu, si kwenye kikapu. Mwenye kipima joto na ajue kwamba joto jema la mtoto mchanga ni tangu nyuzi 36.5 mpaka 37.5 za selsiasi. Kitoto hupoteza joto kwa haraka kuliko sisi, kwa kuwa mwili wake ni mdogo na ngozi yake ni nyembamba. Na aliyezaliwa kabla ya siku zake, yule tumwitaye njiti, hana hata mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Kwa sababu hiyo wakunga siku hizi humfuta mtoto mara azaliwapo, humweka kifuani pa mama, na kuogesha huahirishwa mpaka saa 24 zipite.

Tulimwambia bibi, "Bibi, simba hawa wametazama mlango, na baridi imepita ukutani." Alinyamaza kitambo. Kisha akacheka, akasimama, akavitungua mwenyewe.

Hapo ndipo tulipomweleza habari za mnyama mwingine, ambaye hatujapata kumfuma. Kule Australia yuko kangaruu, ambaye humchukua mtoto wake ndani ya mfuko wa ngozi tumboni. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Colombia, mganga Edgar Rey, na baada yake mwenzake Héctor Martínez, walikuwa na watoto njiti wengi na mashine chache za kuwatunzia joto. Wakawapa mama zao wawachukue kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, mfano wa kangaruu. Njia iliyoanza kwa ajili ya upungufu imeonekana kuwa njema kwa yenyewe. Mwaka 2021 zilitolewa habari za uchunguzi uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo pamoja na Malawi, Ghana, Nigeria na India, juu ya watoto waliozaliwa na uzito wa tangu kilo 1 mpaka chini kidogo ya kilo 1.8. Wale waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, katika kila 100 walikufa 12 ndani ya siku 28. Wale waliongojewa kwanza mpaka wapate nafuu, walikufa karibu 16. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaagiza kwamba watoto kama hao waanzishiwe njia hiyo mapema iwezekanavyo.

Na sasa, kina mama, sikilizeni, maana hapa ndipo kazi ya mikono yenu inapoingia. Mtoto aliyewekwa kifuani hivyo huwa uchi, ila kwa vitu vitatu: winda, kofia, na soksi au viatu vya miguuni. Hivyo viwili vya mwisho ni vyetu sisi wenye sindano za kroshia.

Kazi yenyewe si ngumu. Neno kroshia limetoka kwa Wafaransa, nalo maana yake ni kulabu ndogo. Na katika Ireland, wakati wa njaa kuu iliyoanza 1845, masista wa shirika la Ursula kule Blackrock, karibu na Cork, waliwafundisha wanawake maskini kazi hii, wakauza lesi zao, wakapata chakula. Twalitaja hili kwa wale waume wanaosema kroshia ni mchezo wa kupitisha jioni.

Chukua uzi laini wa sufu au wa pamba, usiwe mnene, na sindano ya milimita 3½. Fanya mnyororo wa vitanzi 12. Ruka kitanzi kilicho karibu na sindano. Kisha tia shono fupi moja katika kila kimoja cha vitanzi 10 vinavyofuata, na mashono 3 katika kile cha mwisho. (Shono fupi ni hili: ingiza sindano, vuta uzi, hapo una vitanzi viwili juu ya sindano, vuta uzi tena upite katika vyote viwili.) Usigeuze kazi, bali zunguka ncha, urudi upande wa pili wa mnyororo kwa mashono 9, na mengine 2 katika kitanzi ulichoanzia. Hesabu iwe 24. Mzunguko wa pili, ongeza mashono 3 katika kila ncha, yaani kutia mawili mahali pa moja, upate 30. Wa tatu vivyo hivyo, upate 36. Huo ndio wayo, nao utakuwa na urefu wa inchi 3 na robo hivi, kadiri ya mtoto mchanga.

Mzunguko wa nne usiongeze kitu, na ushike uzi wa nyuma tu wa kila shono; ndipo kuta za kiatu zitakaposimama. Fuma mizunguko miwili zaidi ya 36. Kisha upande wa vidole: mashono 12 ya mbele yaunganishe mawili mawili yawe 6, mzunguko wote ubaki 30, na mzunguko unaofuata ufanye hivyo tena, ubaki 24. Mizunguko mitano au sita ya hayo 24 ndiyo shingo ya kiatu, nayo uifume kwa mkono mlegevu, kidole cha mama kipite bila kubana. Kamba za kufungia hatuzipendi, kwa kuwa mwenye haraka hukaza.

Masikio ya sungura ni mnyororo wa vitanzi 8, mashono mafupi juu yake, matatu penye ncha, na kushuka upande wa pili. Ya paa ni mafupi zaidi, vitanzi 5, yamelala kando. Macho na pua yatiwe kwa uzi na sindano ya mkono. Shanga na vifungo visitumike kabisa, hata vikiwa vizuri namna gani, kwa maana mguu wa mtoto hufika kinywani mapema kuliko mama anavyotazamia, na shanga moja yatosha kuziba koo.

Tena liko kosa ambalo sisi wenyewe tulilifanya. Miaka michache iliyopita tulimpa jirani jozi ya sungura, nje maridadi, na ndani tukaacha ncha za nyuzi zikining'inia, tukasema nani ataziona. Usiku wa tatu mtoto akalia, akakataa ziwa, akalia tena. Mama alidhani ni tumbo. Karibu na alfajiri akamvua viatu apate kumwosha, akakuta uzi umezunguka kidole cha pili cha mguu mara tatu, nacho kimevimba, kimekuwa chekundu kama pilipili iliyoiva. Aliukata kwa mkasi mdogo huku mume ameshika taa. Kidole kilipona. Lakini mganga alituambia kwamba uzi kama huo, au hata unywele mmoja wa mama uliodondoka ndani ya soksi, waweza kuzuia damu mpaka kidole kife. Na usipotoka upesi, au usipoonekana kwa uvimbe, mtoto apelekwe hospitali saa ile ile.

Tangu siku hiyo hakuna kiatu kinachotoka katika kikundi chetu kabla hakijageuzwa ndani nje na kupapaswa na mama mwingine, si yule aliyekifuma. Kila ncha hupitishwa katika mashono mara mbili, kwenda na kurudi, ndipo hukatwa. Nanyi mkipewa viatu na mtu ye yote, vigeuzeni, na kila mnapovivua tazameni vidole vyote kumi.

Kuhusu mzee wa kanisa, tulimpelekea habari zote, pamoja na zile za msumari juu ya kitanda. Alifikiri sana. Hakukubali simba, wala twaona hatakubali. Lakini sungura na paa ameviruhusu, kwa sharti moja, kwamba mama apelekaye viatu avivike yeye mwenyewe miguuni pa mtoto, aseme mbele ya wenyeji kwamba ni vya baridi. Sharti hilo tumelipenda kuliko alivyotazamia, kwa kuwa avikaye viatu hana budi kuzishika nyayo.

Masikio sita yaliyofumuliwa yameshonwa tena. Mtoto wa bibi yule amekwisha kunenepa, na viatu vya simba havimwingii. Bibi amevifua, amevirudisha, ameomba jozi kubwa zaidi. Safari hii anataka ng'ombe. Hirizi bado iko mkononi pa mtoto, ila bibi ametuambia twende tena Jumapili alasiri, tuzungumze.