Kuagiza mashine nje ukiwa Nachingwea au Ruangwa: Karatasi zitangulie mzigo

Msimu wa korosho haumsubiri mtu. Mikorosho ikianza kutoa maua katikati ya mwaka, mkulima wa Nachingwea au Ruangwa anataka salfa na bomba la kupulizia viwe mkononi, la sivyo ubwiriunga unamaliza maua. Minada ikifunguliwa Oktoba, kikundi cha kubangua nacho kinatakiwa kiwe na mashine tayari.

Salfa, mabomba ya injini na mashine nyingi za kubangua hutoka nje ya nchi. Mzigo ukikwama bandarini wiki tatu, hasara haiishii kwenye gharama ya kuuhifadhi. Msimu nao unapita.

Taratibu za kuagiza bidhaa zimelegezwa kuliko zamani, lakini zinamsaidia anayezifuata kwa mpangilio. Wengi hutuma hela kwanza, halafu ndiyo wanaanza kuulizia vibali.

Kipi kimerahisishwa?

Namba ya mlipakodi (TIN) sasa hupatikana mtandaoni kwa kutumia namba ya NIDA, na haina malipo. Kwa vibali, kuna Dirisha Moja la Kielektroniki (TeSWS) lililounganishwa na mfumo wa forodha wa TRA, yaani TANCIS. Maombi na nyaraka hupitia humo hadi kwenye taasisi inayohusika.

Faida yake kwa mtu wa Ruangwa iko wazi: nauli ya kwenda Dar es Salaam na bahasha mkononi, kisha kuambiwa "njoo kesho", inapungua.

Kabla ya kutuma hela

Swali la kwanza si bei. Ni hili: bidhaa hii inahitaji kibali cha nani?

Salfa na viuatilifu vingine viko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Kiuatilifu kisichosajiliwa hakiruhusiwi kuingizwa, hata kiwe rahisi namna gani.

Bidhaa nyingi za viwandani zinaangaliwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Ukaguzi wa ubora hufanyika huko huko zinakotoka, kabla hazijapakiwa. Mzigo ukija bila cheti hicho, ukaguzi unahamia huku, na muda pamoja na gharama vinaongezeka.

Namba moja inayobeba mamilioni

Kila bidhaa ina namba ya HS, inayotambulisha aina yake duniani kote. Namba hiyo ndiyo inayoamua ushuru. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, viwango vikuu ni vinne: asilimia 0 kwa malighafi na mitambo ya uzalishaji, 10 kwa bidhaa zilizosindikwa nusu, na 25 au 35 kwa bidhaa zilizokamilika. Kiwango cha 35 kilianza Julai 2022.

Ushuru hupigwa kwenye jumla ya bei, bima na usafiri hadi bandarini. Kwa mfano, mashine imenunuliwa kwa Sh8 milioni, usafiri Sh1.5 milioni na bima Sh500,000. Jumla ni Sh10 milioni.

Ikiwekwa kwenye asilimia 25, ushuru ni Sh2.5 milioni. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya Sh12.5 milioni, nayo ni Sh2.25 milioni. Jumla Sh4.75 milioni, bila tozo nyingine.

Ikiwekwa kwenye asilimia 0, inabaki VAT ya Sh1.8 milioni tu. Tofauti ni Sh2.95 milioni, kwa sababu ya namba.

Hapa ndipo wengi wanaumia, kwa kuwa wanaijua namba yao mzigo ukiwa umeshafika. Sheria ya forodha ya Jumuiya inamruhusu mwagizaji kuomba uamuzi wa awali kuhusu namba hiyo, kabla hajaagiza.

Siku saba kabla ya meli

Tamko la forodha hufanywa kupitia wakala mwenye leseni. TRA inataka nyaraka ziwasilishwe angalau siku saba kabla meli haijafika: ankara ya mwisho, orodha ya vilivyofungashwa, hati ya usafirishaji, vibali, na barua ya mwagizaji ya kumteua wakala.

Mwagizaji abaki na nakala ya kila kitu, pamoja na namba ya tamko. Wakala akianza kumpiga danadana, ana pa kuulizia.

Anayevuka Mtambaswala je?

Wapo wanaoleta bidhaa kutoka Msumbiji kupitia Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010. Utaratibu rahisi wa Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani hauwahusu, kwa kuwa Msumbiji si mwanachama wa Jumuiya hiyo.

Lakini Tanzania na Msumbiji zote ziko SADC. Bidhaa iliyotengenezwa Msumbiji na yenye cheti cha uasilia cha SADC inaweza kusamehewa ushuru wa forodha. VAT inabaki pale pale.

Nachingwea inalijua somo hili

Mwishoni mwa miaka ya 1940, Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Nachingwea. Walianza kabla bandari haijawa tayari. Mradi ukafutwa mwaka 1951, na gati la Mtwara likakamilika mwaka 1954, karanga zikiwa zimeshashindikana. Reli iliyojengwa kwa ajili yake nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Leo gati lipo. Anayetaka mashine yake ifanye kazi Oktoba aanze kushughulikia vibali miezi kadhaa kabla, na hela ya muuzaji iwe ya mwisho kutoka mfukoni.