Hapa, huku au humu? Ngeli ya PAKUMU na ramani za mtandaoni

Ngeli ya PAKUMU hutofautisha mahali kwa namna tatu: PA ni mahali dhahiri, KU ni eneo lisilo dhahiri, MU ni ndani. Nashikilia kwamba tofauti hii yaweza kumfaa yeyote anayeshangaa kwa nini tovuti inamwonyesha yuko Nairobi ilhali yuko Kitale.

Tovuti inapokisia kwa anwani ya IP, jibu lake ni la KU. Mara nyingi hutaja mji iliko mitambo ya kampuni ya intaneti. Simu iliyo nje, inayonasa setilaiti za GPS, hukaribia PA kwa tofauti ya mita chache. Ndani ya jengo, yaani MU, kuta hudhoofisha mawimbi hayo na simu hutegemea waifai au minara.

Sasa tufanyeje? Mtumiaji akiruhusu kivinjari chake kisome mahali alipo na azime VPN. Mtunzi wa programu naye asome kipimo cha usahihi kinachoandamana na latitudo na longitudo. Kikiwa mita 5,000, hiyo ni ‘huku’, si ‘hapa’. Asichore nukta moja ramani nzima, achore duara. Dereva wa ambulensi akitumwa ‘huku’, mgonjwa atamngoja mpaka lini?