Mwili, Chakula na Tiba za Asili katika Makazi ya Mishamo

Makazi ya Mishamo yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 katika msitu wa miombo wa Wilaya ya Mpanda ya wakati huo, eneo ambalo leo limo katika Mkoa wa Katavi, na waliolifyeka pori hilo ni Wahutu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Walipewa ardhi, wakalima, na kufikia mwaka 1985 walikuwa wakijilisha wenyewe, hata Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likaikabidhi Serikali ya Tanzania makazi hayo. Historia hii ya kuanza upya kwa jembe imekaa ndani ya mtazamo wa jamii hiyo juu ya mwili wa binadamu, na bila kuijua ni vigumu kuelewa kwa nini kupunguza uzito, jambo linalowahangaisha watu wengi wa mijini, halikuwa na nafasi kubwa katika tiba za wazee.

Kwa watu waliotembea na njaa msituni, kukonda ni dalili ya mashaka. Mgeni aliyerudi akiwa amenawiri husifiwa kwamba mwili umemkubali, na aliyerudi amenyauka huulizwa kwa upole ni nini kimempata. Tangu UKIMWI ulipoenea katika Afrika Mashariki, swali hilo limezidi kuwa zito. Ndiyo maana mgonjwa aliyepelekwa kwa mganga alikuwa zaidi yule aliyedhoofu, aliyepoteza hamu ya kula au aliyesumbuliwa na tumbo. Miongoni mwa mimea ambayo Warundi wanaifahamu tangu kwao ni umubirizi, mti wenye majani machungu sana yanayotumika kwa maradhi ya tumbo na homa, na umuravumba, kichaka chenye majani ya harufu kali yanayotumika kwa kikohozi.

Kilichouweka mwili katika kiasi chake ni mlo na kazi. Maharage, ambayo Warundi huyaita ibiharage, huliwa karibu kila siku pamoja na ugali wa muhogo au wa mahindi, na isombe, yaani kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa muda mrefu. Maharage yana protini na nyuzinyuzi nyingi, zile sehemu za mimea zisizosagika upesi tumboni, kwa hiyo mlaji hushiba mapema na hukaa na shibe hiyo muda mrefu. Nyama na maziwa vilikuwa haba, kwa kuwa ndorobo wa misitu ya miombo, wanaoeneza ugonjwa wa nagana, huwaua ng'ombe. Mlo huu haufai kutukuzwa kupita kiasi, maana muhogo peke yake humshibisha mtoto bila kumjenga. Pombe nayo huongeza kalori mwilini kuliko wanywaji wengi wanavyodhani: urwarwa wa ndizi na impeke ya mtama hunywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja, na kwa kuwa kunywa pamoja ni alama ya ujirani, ni vigumu mtu kujitenga akasema ametosheka.

Watongwe, wenyeji wa misitu ya upande huo wa Ziwa Tanganyika, wanaonyesha kipimo cha namna nyingine. Makoto Kakeya, mwanaanthropolojia wa Kijapani aliyeanza kuishi nao mapema katika miaka ya 1970, alieleza kwamba walilima kiasi kilichokaribiana na mahitaji ya kaya, wakagawana chakula na wageni, na kwamba aliyejilimbikizia aliogopa wivu ambao ungeweza kugeuka uchawi. Katika jamii ya namna hiyo, ulaji wa mtu mmoja huangaliwa na wengi.

Tofauti na tiba za wazee wa Mishamo, tiba ya asili ya Korea imelishughulikia suala la kupunguza uzito kwa njia iliyoandikwa vitabuni. Lee Je-ma, katika kitabu chake cha mwaka 1894, aliwagawa watu katika maumbile manne, na wale wa maumbile yaitwayo taeeum ndio wanaohesabiwa kuwa wepesi kunenepa. Kwao hutengenezwa mchanganyiko wenye mmea wa mahwang, ambao hupunguza hamu ya kula lakini pia huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Kwa sababu ya hatari hiyo, Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye mmea huo mwaka 2004, ilhali Korea huutumia mikononi mwa matabibu wenye leseni.

Tahadhari hiyo inahitajika Katavi pia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi, na bodaboda, soda na mafuta ya kupikia vimefika hata vijiji vya mbali. Unga wa mizizi unaouzwa kuwa dawa ya kukata tumbo mara nyingi ni wa kuharisha, nao huondoa maji mwilini huku mafuta yakibaki palepale, na kwa mwenye kisukari au shinikizo la damu upotevu huo wa maji unaweza kumwangusha. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtaka mganga asajiliwe na Baraza lililoundwa na sheria hiyo, kwa hiyo mteja ana haki ya kumwuliza muuzaji usajili wake na jina la mti aliousaga.