Tusome Kilichoandikwa Chini ya Sahani

Majuzi nilipokuwa nikila chamcha bwaloni pamoja na wanafunzi, niligeuza sahani ya plastiki iliyokuwa tupu nikamwuliza mmoja wao maana ya pembetatu ndogo iliyochorwa chini yake, yenye tarakimu 5 ndani. Akafikiri kidogo, kisha akajibu kwamba yamkini ni nambari ya kiwanda. Kijana huyu ni msomi wa lugha, lakini maandishi yaliyo chini ya chakula chake kila siku hakuwahi kufundishwa kuyasoma.

Kosa si lake. Sisi sote tumeridhika na neno moja, "plastiki", ilhali neno hilo limefunika vitu vingi visivyofanana. Tarakimu ile hutaja aina ya plastiki. Haisemi kwamba chombo ni salama. 5 ni polipropilini, ambayo hustahimili joto kuliko nyingi za wenzake. 6 ni polistireni. 7 ni kapu la aina zote zilizosalia, ikiwemo polikaboneti, itengenezwayo kwa kemikali iitwayo bisfenoli A. Kemikali hiyo huweza kuvuruga homoni, na ndiyo sababu Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku chupa za watoto za aina hiyo mwaka 2011.

Kuna na zile sahani ngumu zing'aazo kama kauri, zipendwazo majumbani na shuleni kwa kuwa hazivunjiki upesi. Hizo ni za melamini, na aghalabu hazina tarakimu yoyote. Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Chakula kikiwa cha moto sana, au kikiwa na uchachu wa ndimu au ukwaju, chembe za melamini huhama kutoka katika chombo na kuingia katika mlo.

Haya si maneno ya vijiweni. Mwaka 2013, watafiti wa Taiwan walichapisha matokeo ya jaribio lao. Watu 12 walikunywa supu moto ya tambi, kwanza baadhi yao kwa bakuli za melamini na wengine kwa bakuli za kauri, kisha wakabadilishana. Mkojo wao ulipopimwa kwa saa 72, waliotumia melamini walionekana kutoa wastani wa mikrogramu 8.35 za kemikali hiyo, na waliotumia kauri 1.31. Taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari za vyakula nayo imeshauri kwamba vyombo vya melamini visitumiwe kwa joto lipitalo nyuzi 70. Je, uji utokao jikoni ukitokota una nyuzi ngapi?

Tusitiane hofu bure. Kiasi hicho ni kidogo mno, na jaribio hilo halikuonyesha kwamba kuna aliyeugua. Lakini madhara ya melamini ikizidi tunayajua. Mwaka 2008 nchini Uchina ilitiwa makusudi katika maziwa ya watoto. Takriban watoto 300,000 walidhurika, wengi kwa mawe ya figo, na 6 wakafa. Mtoto wa shule ya bweni hula katika chombo kile kile mara tatu kwa siku, kwa miaka, bila kuulizwa. Busara ni kumpunguzia asichokihitaji.

Kinga yenyewe haina gharama kubwa. Uji, chai na githeri ya moto vitiwe katika vyombo vya bati, chuma cha pua au kauri. Plastiki ibakie ya matunda na vyakula vilivyopoa, na iliyochubuka au kupasuka itupwe.

Lakini linaloniwasha zaidi ni la lugha. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazozihitaji kuhusu bidhaa. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Basi ni kwa nini onyo la joto, pale linapokuwapo, liandikwe kwa Kiingereza cha herufi zisizosomeka? "Usitie chakula cha moto" ni maneno manne tu.

Mwalimu mwenzangu, kesho waambie wanafunzi wako wazigeuze sahani zao kabla ya kupakua, wakusomee wanachokiona. Hilo ni somo la kemia, na pia ni somo la Kiswahili.