Tambi za Kijapani Bila Nyama: Je, Zakolea?

Tambi si ngeni kwetu watu wa pwani. Twazila kwa sukari na hiliki, twazila za tui, na mwezi wa Ramadhani katika nyumba nyingi hazikosi kwenye futari. Lakini tambi za Wajapani ziitwazo rameni ni za mchuzi, na mchuzi huo ndio umzuiao Muislamu mlangoni. Mmoja ulio mashuhuri sana hutokana na mifupa ya nguruwe, ichemshwayo kwa saa nyingi hata maji yakawa meupe mfano wa tui.

Ndipo mpwa wangu aliye baharia aliponiletea pakiti nne zilizoandikwa kuwa ni za vegani, yaani hazina nyama, samaki, yai wala maziwa. Swali langu likawa moja: mchuzi usio mfupa, wakolea?

Tuanze na asili. Tambi za pakiti zilibuniwa na Momofuku Ando katika mji wa Ikeda, karibu na Osaka, mwaka 1958. Baada ya vita aliwaona watu wenye njaa wamepanga mstari mrefu wakingoja bakuli la tambi. Hila yake ilikuwa kuzikaanga tambi zilizokwisha kuiva. Maji yatokapo huacha vitundu vidogo vidogo, na mlaji amiminapo maji ya moto hupenya humo, tambi zikalainika kwa dakika chache. Hizo za kwanza zilikuwa na ladha ya kuku.

Kuku akiondoka, pabaki nini? Jibu limo Japani kwenyewe tangu kale. Watawa wa Kibudha huko walizoea kupika bila nyama, na supu yao huitoa katika mwani mkavu uitwao kombu na uyoga mkavu uitwao shiitake. Mwaka 1908 mtaalamu Kikunae Ikeda wa Tokyo aliuchunguza mwani huo, akaona kuwa ladha yake yatokana na glutamati, naye akaiita umami. Sisi neno tunalo. Mpishi wetu aonjapo mchuzi kwa kiganja akasema "umekolea", hakusudii chumvi peke yake. Hata mwani tunao, ingawa huu waulimao akina mama wa Kibuyuni si jamii ya kombu.

Kabla ya kuteleka maji nilisoma maandishi ya nyuma ya kila pakiti. Moja ilikuwa na mirin, mvinyo wa mchele wa kupikia, hiyo sikuifungua. Hapa, ndugu msomaji, pana la kuzingatia: kutokuwa na mnyama si kuwa halali. Jina la vegani laondoa nguruwe, haliondoi mvinyo. Mwenye kuogopa shubuha asitosheke na picha ya jani la kijani.

Sasa hukumu ya tatu zilizosalia. Ya kwanza, ya mchuzi wa soya, ni nyepesi: chumvi yatangulia, na ukishameza hakibaki kitu mdomoni. Ya pili ni ya miso, yaani soya iliyochachushwa. Hiyo ni nzito kidogo, na uyoga wasikika vizuri, ila ukali wake wa chumvi wachosha ulimi kabla ya bakuli kwisha. Ya tatu, ya ufuta na pilipili, ndiyo bora. Ufuta uliosagwa hufanya kazi ya tui: huushika mchuzi ukawa mzito, hupoza pilipili, na huzipaka tambi zisiteleze tupu. Niliikamulia ndimu, nikatia na mchicha wa kuchemsha. Wallahi, kuku sikumkumbuka.

Lakini pakiti hiyo iliandikwa kuwa ina chumvi gramu 5, na Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asifikishe kiasi hicho kwa siku nzima. Kwa sisi tulio na maradhi ya presha majumbani, hilo si dogo. Nilizila tambi zote, na mchuzi mwingi nikauacha bakulini kwa shingo upande.

Basi ukiikuta ya ufuta dukani, soma kwanza, kisha onja. Tia nusu ya kile kipakiti cha viungo, ongeza ndimu na mboga zako. Itakolea.