Thamani ya dawa asili na viungo huanzia kwenye beseni

Mabibo, jijini Dar es Salaam, ina vitu viwili ambavyo wengi hawavihusishi. Cha kwanza ni soko lake la ndizi na matunda, ambako malori hushusha mzigo tangu alfajiri na wachuuzi wa mitaa ya jirani huja kununua kwa jumla. Cha pili hakina kelele: ni kituo cha utafiti wa dawa asili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1979. Sokoni mmea huuzwa ukiwa mbichi. Kituoni mmea hugeuzwa kuwa dawa. Kati ya hatua hizo mbili kuna kazi isiyo na jina kubwa wala malipo makubwa, nayo ni kuosha.

Mwaka 2020, Uviko-19 ilipoingia nchini, NIMR ilitoa dawa iliyoitwa NIMRCAF. Miongoni mwa malighafi zake zilikuwa tangawizi, pilipili kichaa, limau na vitunguu, vitu ambavyo kila mama ntilie anavijua. Majumbani nako watu walijifunika mablanketi wakapiga nyungu, na tangawizi, limau na mchaichai vikawa vya kugombaniwa sokoni. Tangu hapo biashara ya mimea iliyokaushwa imepata sura mpya. Unga wa tangawizi, manjano, mlonge, choya na mchaichai umetoka kwenye visado vya Kariakoo na Tandika, ukaingia kwenye pakiti zenye lebo za rangi, rafu za maduka makubwa na kurasa za mitandao ya kijamii.

Ni hatua ya kupongezwa. Lakini ukiifuatilia bidhaa kurudi nyuma, kutoka kwenye pakiti hadi mashine ya kusaga, kutoka mashine hadi turubai la kuanikia, na kutoka turubai hadi gunia lililotoka shambani, unagundua kwamba wengi wamewekeza kwenye lebo kabla ya kuwekeza kwenye beseni. Hapo ndipo fedha inapopotea, na hapo ndipo afya ya mlaji inapowekwa rehani.

Hesabu ya gunia

Tuanze na hesabu. Tangawizi mbichi ni maji kwa takribani asilimia 80. Ili ihifadhike bila kuota ukungu, inatakiwa ikauke hadi ibaki na unyevu wa karibu asilimia 10. Kwa hiyo kilo 100 za tangawizi mbichi hutoa kilo 22 hivi za tangawizi kavu. Majani nayo hayapishani sana: kilo nne au tano mbichi kwa kilo moja kavu.

Sasa chukua gunia la kilo 100 ambalo kilo mbili kati yake ni udongo ulionasa kwenye mikunjo ya tangawizi. Kwa mnunuzi wa sokoni hiyo ni asilimia 2, jambo la kuvumilika. Likianikwa bila kuoshwa, maji ya tangawizi yatapaa lakini udongo hautapaa. Mwisho wa siku utakuwa na kilo 24 hivi za mzigo mkavu, na kilo mbili kati ya hizo ni udongo ule ule. Asilimia 2 imegeuka kuwa zaidi ya asilimia 8. Mashine ya kusaga haiutoi. Inauchanganya tu vizuri zaidi.

Hesabu hiyo haiishii kwenye udongo. Mabaki ya dawa za kuulia wadudu, vumbi la barabara lililotua juu ya gunia, madini mazito yaliyomo kwenye tope: vyote ambavyo havipai pamoja na maji hujikusanya kwenye kile kidogo kinachobaki. Kukausha ni kukusanya. Ukikausha kilicho safi, unakusanya harufu, ladha na nguvu ya dawa. Ukikausha kichafu, unakusanya uchafu.

Osha kwanza, kata baadaye

Baadhi ya wasindikaji wadogo huogopa maji. Hoja yao ni kwamba ukiosha unaondoa dawa. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ukweli wake uko kwenye mpangilio wa kazi.

Harufu ya tangawizi, mchaichai au kivumbasi hutokana na mafuta mepesi yaliyohifadhiwa kwenye vifuko vidogo vya mmea wenyewe, na mafuta hayayeyuki kirahisi ndani ya maji ya baridi. Mmea ambao bado mzima ukioshwa haraka hupoteza kidogo sana. Hasara kubwa huja pale mtu anapokata vipande kwanza kisha akaviloweka, kwa sababu kisu kimeshafungua milango na utomvu unatoka. Choya inaonyesha jambo hilo waziwazi: ukiiloweka, maji hubadilika kuwa mekundu, na wekundu huo ndio uliokuwa ukienda kuuza.

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Mizizi na matunguu hukung'utwa udongo ungali mkavu, huloweshwa kwa muda mfupi, husuguliwa kwa brashi, kisha husuuzwa kwenye maji mengine masafi. Majani huchambuliwa, yaliyooza na yenye wadudu yakatupwa, halafu hutumbukizwa na kutolewa bila kulala ndani ya maji. Maua laini yanahitaji mkono mwepesi zaidi. Baada ya hapo kila kitu huchujwa maji hadi matone yaishe, ndipo kisu kiingie, ndipo kianikwe.

Swali la kuosha au kutoosha linasumbua hata nje ya mipaka yetu, kwenye zao ambalo hapa Tanzania ni haramu. Sheria yetu ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya inakataza kilimo na biashara ya bangi. Lakini kwenye nchi zilizoruhusu bangi ya tiba kwa leseni, Lesotho ikiwa ya mwanzo barani Afrika mwaka 2017, wapo wakulima wanaoosha maua yake mara tu baada ya kuvuna ili kuondoa vumbi, wadudu na ukungu wa unga, na wapo wanaopinga wakisema maua yaliyoshonana hushika maji na kuoza katikati kabla hayajakauka. Wote wana hoja, na hoja zao zinakutana mahali pamoja: kuosha bila uwezo wa kukausha haraka ni hasara. Somo hilo linamfaa msindikaji wa choya wa Dodoma sawasawa na mkulima wa Lesotho.

Yapo pia mazao ambayo hayahitaji maji. Karafuu ya Pemba haioshwi. Huchumwa juu mtini, mbali na udongo, na usafi wake hutegemea jamvi inapoanikwa. Ndiyo maana karafuu iliyoanikwa barabarani hujulikana mara moja kwa mnunuzi mzoefu. Msindikaji makini huanza kwa kujiuliza zao lake limegusa nini kabla ya kumfikia.

Maji gani?

Kuosha kwa maji machafu ni kuhamisha uchafu. Hili ni suala zito kwa Jiji la Dar es Salaam, hasa kwa maeneo yaliyo karibu na bonde la Msimbazi. Watafiti wamepima mboga zinazolimwa bondeni humo na kukuta madini mazito. Anayesuuza majani yake kwenye vijito vinavyoshuka kuelekea bonde hilo huenda akayaongezea alichotaka kukiondoa.

Visima navyo vina mambo yake. Vingi jijini vina chumvi, na chumvi hunyonya unyevu wa hewani. Jani lililosuuzwa kwa maji ya chumvi hubaki na tabaka jembamba linaloweza kulirudishia ubichi usiku kucha, hata kama mchana lilikauka vizuri. Maji yanayofaa kuosha dawa ni yale yanayofaa kunywewa.

Hapa kuna jambo linalonigusa kila ninapolitafakari. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, na Ruvu huanzia kwenye milima ya Uluguru. Huko huko Uluguru, kwenye vijiji vya Matombo na Mkuyuni, ndiko kunakolimwa viungo vingi vinavyoletwa jijini. Mzigo mchafu husafiri kwa lori kutoka kwenye chanzo cha maji, kisha msindikaji wa mjini hulipia bili ya maji yaliyotoka mlima ule ule ili kuuosha. Kama kuosha kungefanyika karibu na shamba, udongo ungebaki shambani, na lori lisingelipiwa nauli ya kubeba tope.

Aliyeosha hana muda wa kusubiri

Kwa nini basi wakulima hawaoshi? Kwa sababu tangawizi yenye udongo wake huvumilia siku nyingi stoo, lakini iliyooshwa ikiachwa na majimaji ndani ya gunia huota ukungu haraka. Anayeosha leo lazima aanike leo. Hapo ndipo mtaji unapohitajika: chanja za kutosha, wavu safi, kivuli chenye hewa, na kaushio la jua kwa siku za mawingu.

Hali ya hewa ya pwani haimsaidii mtu wa Mabibo. Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na hata siku za jua hewa ya Dar es Salaam imejaa unyevu. Dodoma ina jua na upepo mkavu lakini maji yake ni ya taabu. Mlima una maji lakini una ukungu. Kila mahali pana nusu ya kinachohitajika, na kazi ya biashara ni kuziunganisha nusu hizo.

Madhara ya kukosea si ya kufikirika. Mwaka 2016, sumukuvu, yaani aflatoksini, kwenye mahindi iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Fangasi wanaotoa sumu hiyo hawachagui mahindi peke yake. Hupenda pia viungo vilivyokauka nusunusu. Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya haupokei tangawizi, manjano, pilipili wala kungumanga yenye aflatoksini B1 zaidi ya mikrogramu 5 kwa kilo, au aflatoksini zote kwa jumla zaidi ya mikrogramu 10. Nao mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2003 kuhusu kilimo na uvunaji wa mimea ya dawa unataka mimea isianikwe moja kwa moja juu ya ardhi.

Kahawa ilishatufundisha

Tanzania haihitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi kwamba maji huongeza bei. Arabika ya Kilimanjaro humenywa, huchachushwa ili utelezi uachie, huoshwa kwa maji mengi, kisha hukaushwa kwenye meza za waya zilizoinuliwa. Robusta ya Kagera kwa desturi hukaushwa na ganda lake. Wakulima waliojiunga kwenye mitambo ya pamoja ya kumenya na kuosha wameona tofauti ya daraja mnadani, kwa sababu mnunuzi anaonja kikombe na daraja linaandikwa.

Biashara ya viungo na dawa asili haina kikombe cha kuonja. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini kikishasagwa, kizuri na kibaya hufanana. Anayelipwa kwa uzito hapati faida ya kuondoa udongo; anapoteza kilo mbili za mauzo na siku nzima ya kazi. Mpaka bei itofautiane, beseni litabaki kuwa gharama ya mtu mwaminifu.

Vyombo vya kuiweka sawa hali hii tunavyo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu mwaka 2002, na Baraza lake husajili waganga na dawa. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima usalama wa dawa asili. Shirika la Viwango linasimamia vyakula, viungo vikiwemo. Lakini vipimo hivyo humkuta msindikaji mwishoni, akiwa ameshatumia fedha yote, na kundi zima la bidhaa likikataliwa hakuna namna ya kuosha unga.

Kwa hiyo msaada unapaswa kuanzia mwanzoni. Manispaa ya Ubungo, ambayo Mabibo imo ndani yake, inaweza kujenga sokoni vizimba vya kuoshea vyenye bomba la maji safi, sakafu ya saruji na mfereji wa majitaka, wasindikaji wakalipia kwa ndoo. Kituo cha NIMR kilicho hapo hapo Mabibo kinaweza kutoa mwongozo mfupi wa Kiswahili, zao kwa zao: lipi lioshwe, kwa namna gani, likauke hadi wapi. Na wanunuzi wakubwa waweke bei mbili, moja ya mzigo uliooshwa na kuanikwa juu ya chanja, nyingine ya mzigo wa turubai, kisha wazibandike ukutani kila mkulima azione.

Msomaji naye ana sehemu yake. Ukinunua unga wa tangawizi au manjano, chukua kijiko kimoja, kikoroge kwenye glasi ya maji, uiache itulie, kisha mimina taratibu na upapase kilichobaki chini kwa kidole. Mchanga huzama, na kidole hakidanganyiki. Ukiukuta, mrudie muuzaji na umwambie kwa heshima kwamba uko tayari kuongeza bei kidogo kwa unga ulio safi. Siku wateja wengi wakisema hivyo, beseni litaanza kulipa.